GARI LA HAIDROJENI LIKIJA NAIVASHA, NA LIJE NA DARASA

Ndugu wafanyakazi wa Reli, pamoja nanyi nyote msomao karatasi hizi za chama chetu,

Katika karakana, na katika treni ya asubuhi ipitayo Kibera, vijana wetu hubishana sana juu ya magari ya mashindano. Huyu husifu Toyota, yule husifu Ford, na wa tatu husema dereva ndiye gari. Siku hizi neno jipya limeingia katika ubishi huo, nalo ni gari liendalo kwa haidrojeni: gari lisilokunywa petroli wala dizeli bali hewa iliyotolewa katika maji, na bado likaenda mbio za ajabu. Wako wasemao kwamba huo ni uongo. Wako wasemao ni kweli lakini ni mambo ya Wajapani na Wazungu, hayatuhusu sisi watu wa spana na nyundo.

Mimi naona yatuhusu sana, tena yatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine ye yote. Neno langu ni moja, nalo nalitoa mapema ili msomaji asichoke kulitafuta. Mbio za gari hilo, na hata usalama wa watu walio karibu nalo, hutegemea mkono wa fundi anayekaza boliti. Kwa hiyo siku haidrojeni itakapofika kwetu kwa kazi kubwa, na dalili zaonyesha kwamba yaja, yapasa ifike pamoja na mafunzo ya mafundi wa nchi hii. Isije na sherehe na vumbi peke yake.

HAIDROJENI NI NINI

Haidrojeni ni hewa nyepesi kuliko hewa zote. Haina rangi wala harufu. Imo ndani ya maji, nayo hutolewa kwa kupitisha umeme majini mpaka maji yagawanyike, haidrojeni upande huu na oksijeni upande ule. Ikikutanishwa tena na oksijeni hutoa nguvu, na kinachobaki ni maji.

Ziko njia mbili za kuitumia garini. Njia ya kwanza ni kuichoma ndani ya injini ya pistoni, kama petroli ichomwavyo. Njia ya pili ni kuipitisha katika kifaa kinachoiunganisha na oksijeni bila moto na kutoa umeme, na umeme huo ukazungusha mota. Njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa katika mashindano.

Kwamba gari la namna hii laweza kwenda mbio, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2004 kampuni ya BMW ilipeleka gari lake liitwalo H2R katika uwanja wa majaribio wa Miramas, Ufaransa, nalo likapita kilometa 300 kwa saa kwa injini ya silinda 12 iliyokuwa ikichoma haidrojeni. Mwaka 2009 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walipeleka chombo chao kirefu kama risasi, Buckeye Bullet 2, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville. Kilikwenda zaidi ya kilometa 480 kwa saa kwa umeme wa haidrojeni. Huo ni mwendo mara nne ya ule wa treni ya abiria ya reli mpya ya Mombasa, iendayo kilometa 120 kwa saa. Nami nawaomba mwangalie tena waliotengeneza chombo hicho: ni wanafunzi. Walipewa karakana, wakapewa walimu, wakapewa nafasi ya kujaribu.

Lakini kwenda mbio kitambo kidogo juu ya chumvi tambarare si sawa na kushindana usiku na mchana. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Toyota iliingiza gari la Corolla lenye injini ya haidrojeni katika mashindano ya saa 24 ya Fuji, huko Japani. Gari lilimaliza. Lilizunguka uwanja mara 358, yaani zaidi ya kilometa 1,600. Walakini karibu nusu ya saa zile 24 lilikuwa limesimama, mara likijazwa, mara likikaguliwa na kutengenezwa. Mwaka 2023 wakaja na namna nyingine: haidrojeni iliyogandamizwa kwa baridi kali mpaka ikawa kimiminiko, baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwezi wa Oktoba 2025 yakafanyika Saudia, mahali paitwapo Qiddiya, mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia ya magari ya haidrojeni tupu. Basi jambo hili limetoka katika maabara, limefika uwanjani.

HESABU YA MTUNGI

Sisi wa Kawangware twaujua mtungi wa lita 20 kuliko tujuavyo kipimo kingine cho chote, maana ndio tununuao maji na kuubeba mpaka chumbani. Basi tufanye hesabu kwa mtungi huo.

Kilo moja ya haidrojeni yataka maji safi lita 9 kwa uchache, na umeme uniti 50 na zaidi. Kwa hiyo mtungi mmoja watoa kilo 2 na kidogo tu, na kazi hiyo yameza uniti zaidi ya 100 za umeme. Nguvu iliyomo katika kilo hizo ni kama ya lita 8 za petroli. Mtu mwenye chumba kimoja Gatina au Kabiro, chenye taa na televisheni, ajua uniti 100 zingemkalia muda gani.

Hii ndiyo sababu wataalamu wengi husema kwamba gari dogo la abiria afadhali litiwe umeme moja kwa moja katika betri, kwa kuwa umeme uleule hulipeleka mara mbili ya mwendo au zaidi. Katika hili nawaunga mkono. Mtu akija kutuambia kwamba kesho matatu za namba 46 zitakwenda kwa haidrojeni, tumsikilize kwa adabu halafu tumwombe atufanyie hesabu ya mtungi. Haidrojeni ina faida yake mahali pengine: katika kutengeneza mbolea, katika viwanda vya chuma, katika mizigo mizito na safari ndefu ambako betri huwa mzigo wenyewe.

Shida ya pili ni tangi. Kilo moja ya haidrojeni ina nguvu karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli, lakini ni nyepesi mno, yataka nafasi kubwa. Ili ienee garini husukumwa ndani ya tangi kwa mgandamizo wa bar 700. Hapa watu wa Reli watanielewa upesi. Mnazikumbuka injini za Garratt za daraja la 59, zilizoitwa kwa majina ya milima, zenye uzito wa tani 252 kila moja? Moja imewekwa katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, na asiyeiona akaione. Boila la injini hiyo lilishika mvuke wa ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, yaani bar kama 15 na nusu. Tangi la gari la haidrojeni, chombo ambacho mtu aweza kukikumbatia, lashika mara 45 ya mgandamizo huo. Wazee wetu waliokuwa wakilikagua boila la Garratt kwa woga na heshima, wangelikagua tangi hili namna gani?

BOLITI MOJA

Sasa nafika penye shina la maneno yangu.

Mwezi wa Machi 2023, Toyota walipokuwa wakilijaribu gari lao la haidrojeni ya kimiminiko, lilishika moto. Mtambo wa ulinzi ulifunga haidrojeni mara moja na dereva hakuumia. Walipochunguza, waliona kwamba kiungo cha bomba la haidrojeni kililegea kwa mtikisiko wa gari. Gari likakosa mashindano ya kwanza ya mwaka ule.

Kabla ya hapo, mwezi wa Juni 2019, kituo cha kujazia magari haidrojeni kililipuka huko Sandvika, karibu na mji wa Oslo, nchi ya Norwei. Uchunguzi ulionyesha kwamba kizibo cha tangi moja hakikufungwa sawasawa: boliti zake hazikukazwa kwa kipimo kilichotakiwa. Haidrojeni ikavuja, ikakutana na hewa, ikashika moto.

Angalieni, ndugu zangu. Hizi ni nchi zenye fedha na vyuo vya kila namna, na hesabu za wahandisi hazikuwa na kasoro kubwa. Kilichoshindwa ni kiungo kilicholegea na boliti zisizokazwa. Hiyo ni kazi ya nani? Ni kazi yetu. Mhandisi huandika kipimo katika karatasi, bali mwenye kukitia kipimo hicho katika chuma ni fundi. Fundi akiwa hakufundishwa, au amechoka kwa zamu ya saa 14, au hana spana ya kupimia mkazo kwa sababu mkubwa wake ameona ni ghali, basi hesabu zote za mhandisi ni bure.

Tena haidrojeni haisamehe kama dizeli. Dizeli ikivuja utaiona chini, utaisikia harufu, utaikanyaga ukateleza. Haidrojeni huvuja bila kuonekana wala kunuka. Ikiwaka mchana, mwali wake ni vigumu kuuona kwa jicho. Mtu aweza kuuingilia kwa mkono akidhani hakuna kitu. Petroli hushika moto ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi chembamba tu, lakini haidrojeni hushika ikiwa sehemu 4 tu katika 100, na bado hushika ikiwa sehemu 75. Huruka juu upesi, na hiyo ni rehema ikiwa uko nje. Lakini ndani ya banda la mabati lisilo na tundu juu, hujikusanya chini ya paa ikingoja cheche. Mabanda ya namna hiyo nayaona kila siku pande zote za Barabara ya Naivasha ipitayo Kawangware, na mafundi wa jua kali wamo ndani wakichomea vyuma. Ni mafundi hodari, mikono yao yajua mengi. Lakini hili hawakufundishwa, na hakuna mtu azaliwaye analijua.

KWA NINI NASEMA YAJA KWETU

Mtu ataniuliza, Fuji ni mbali na Norwei ni mbali, wewe wa Kawangware wahofu nini?

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakatoka katika Ubingwa wa Dunia baada ya 2002, yakarudi 2021, na sasa makao yake ni Naivasha. Tangu 2021 mpaka 2025, kila mwaka lililoshinda lilikuwa gari la Toyota. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyo mbele katika injini ya haidrojeni ya mashindano. Tena mwezi wa Agosti 2022, katika mashindano ya Ypres huko Ubelgiji, walitembeza mbele ya watu gari dogo la Yaris lenye injini ya haidrojeni, si kwa kushindana bali kwa kulionyesha. Waliolitembeza ni Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni wakati ule, na Juha Kankkunen wa Finlandi. Wazee wa Safari wanamjua Kankkunen: alishinda hapa 1985, 1991 na 1993. Basi gari la haidrojeni la njia za vumbi lipo, na mtu aliyeketi ndani yake azijua njia zetu.

Sasa fikirini mahali pa mwisho pa mashindano yetu. Magari humalizia Hell's Gate, Naivasha. Na jirani ya Hell's Gate pana nini? Pana Olkaria, ambako mvuke hutoka ardhini na kuzungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Umeme huo hautaki makaa wala mafuta, nao hupatikana usiku na mchana. Ndio umeme hasa watakao watu wa haidrojeni. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa haidrojeni katika mkutano wa hali ya hewa wa Afrika hapa Nairobi, na mbolea ikawekwa katika kazi za kwanza. Katika shamba la Morendat, karibu na Naivasha, kumejengwa mtambo mdogo wa kutengeneza amonia ya mbolea kwa nguvu za jua: jua latoa umeme, umeme wagawa maji, haidrojeni yatoka, yageuzwa amonia. Kwa hiyo haidrojeni haiko mbali kama vijana wa treni ya asubuhi wanavyodhani. Iko mwendo wa saa mbili kutoka Dagoretti Corner.

Ndiyo maana sisemi gari la mbio lisije. Na lije! Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Gari la mashindano ni kama shule ya chuma: mtikisiko unaoweza kulegeza kiungo kwa mwaka mzima mjini, hukilegeza siku moja katika mawe ya Kedong na Soysambu. Kiwanda hujifunza upesi, na magari ya kazi hufaidika baadaye. Lakini nauliza mwenyeji atapona kwa nini, ikiwa kazi yake ni kusimama kando ya kamba na kupunga bendera, na vumbi ndilo zawadi yake?

TULIYOYAONA KWA STIMU

Sisi wa Reli si wageni wa mambo haya. Injini kubwa za dizeli zilianza kufika katika reli ya Afrika Mashariki mwaka 1960, na kufikia 1980 stimu ilikuwa imekwisha kazi katika njia za Kenya. Dizeli ilikuwa na faida zake, sisemi ilikuwa kosa kuileta. Lakini dizeli haina haja ya mchochea moto, wala haina haja ya fundi wa boila. Ujuzi uliochukua miaka 20 kuingia katika mikono ya mtu uligeuka kuwa hadithi ya kusimulia. Aliyepata nafasi ya kusoma kazi mpya alipanda cheo. Asiyepata alibaki na ufagio, au alirudi shamba. Mtambo haukumchagua huyu na kumwacha yule. Kilichowachagua ni darasa.

Nami kabla ya kuingia Reli nilikuwa kibarua katika karakana moja ya watu binafsi, jina lake silitaji. Iliagizwa mashine mpya ya kupimia injini kwa kompyuta. Neno la siri la kuifungulia lilijulikana na mtu mmoja tu aliyetoka ng'ambo. Mafundi wa miaka mingi walikuwa wakimshikia taa na kuosha vyuma. Siku mkataba wake ulipokwisha akaondoka na neno lake, na mashine ikafunikwa turubai. Fedha zilikuwa zimelipwa, kazi haikufanyika, na hakuna aliyejifunza kitu.

Kinyume chake tutazame mfano wa Joginder Singh, mtoto wa Kericho, aliyekulia katika kazi ya gereji. Mwaka 1965 alishinda Safari yeye na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo lililokuwa limekwisha kutumiwa na wengine kabla yao. Akashinda tena 1974 na 1976. Yeye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akalijua gari lake boliti kwa boliti. Nchi hii haijakosa watu wa namna hiyo. Wamo Kawangware, wamo Kibera, wamo Grogan na Gikomba. Walichokosa ni mlango.

WENYE KUPINGA

Wako watakaosema kwamba mashindano ni anasa ya matajiri, na chama cha wafanyakazi kisipoteze karatasi kwa mambo hayo wakati mishahara ni midogo na nauli zapanda. Nawajibu kwamba mshahara wa kesho ni ujuzi wa leo. Mkutano wa mshahara huketi na mtu mwenye kazi, na kazi ya miaka ijayo itakuwa ya anayeijua mitambo itakayokuwapo. Tukingoja mpaka mtambo uko mlangoni ndipo tuanze kutafuta mwalimu, tutakuwa kama wale wanawali watano waliokwenda kutafuta mafuta wakati bwana arusi yuaja.

Wako watakaosema, tusihangaike na gari, tutake treni ya haidrojeni moja kwa moja. Kweli, Wajerumani waliziweka njiani treni za haidrojeni kubeba abiria tangu Septemba 2018, katika jimbo la Saksonia ya Chini. Ni jambo zuri kulijua. Lakini tujue na upande wa pili: treni za namna hiyo zilizoanza katika njia ya Taunus, karibu na Frankfurt, mwisho wa 2022, ziliharibika mara nyingi mpaka nyingine zikabidi zibadilishwe kwa dizeli kwa muda. Na jimbo lile la kwanza lenyewe lilisema mwaka 2023 kwamba treni zake zijazo zitakuwa za betri. Kwa njia yenye treni nyingi, waya wa umeme juu ya reli huenda ukawa bora na rahisi kuliko haidrojeni. Basi tusidanganywe kwa neno jipya. Lakini fundi aliyefundishwa ndiye awezaye kumwambia mkubwa wake, hapa haidrojeni yafaa, hapa haifai. Asiyefundishwa huitikia tu.

Wako pia watakaosema maji. Hao nawaheshimu zaidi. Naivasha ina watu, mifugo na mashamba ya maua, wote wataka maji. Mtambo mkubwa wa haidrojeni hautakiwi kumnyang'anya mfugaji kisima chake ili mtu mwingine apate kwenda mbio. Jambo hili liandikwe katika mkataba tangu mwanzo, na hesabu ya maji itolewe mbele ya watu.

TUOMBE NINI

Naweka mbele ya wanachama mambo manne, ili matawi yayajadili.

Kwanza, kampuni yo yote itakayoleta gari au mtambo wa haidrojeni Naivasha au po pote nchini, kwa mashindano au kwa maonyesho, iwekewe sharti la kuchukua mafundi wa Kenya katika kazi yenyewe. Wasiwe wabeba vifaa. Wafundishwe kufunga viungo, kupima mvujo, kusoma vipimo na kuzima hatari, nao wapewe cheti kitakachotambuliwa po pote.

Pili, chuo chetu cha mafunzo ya Reli Nairobi, kilichofundisha watu tangu 1956, kiombwe kuanzisha somo la hewa za mgandamizo mkubwa na umeme wa nguvu kubwa. Somo hilo litafaa hata haidrojeni isipokuja upesi, kwa kuwa treni za umeme na mitungi ya gesi zataka ujuzi wa jamaa hiyo. Nafasi zake zisiwe za wenye vyeti vikubwa tu. Fundi wa darasa la nane aliyekaza boliti miaka 15 apimwe kwa mikono yake.

Tatu, kila mwajiri hudaiwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Fedha hizo hulipwa kwa hesabu ya vichwa vyetu. Tuna haki ya kuuliza zimefundisha nani na zimefundisha nini, na kuomba sehemu yake ifundishe kazi hizi mpya.

Nne, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi kwa usalama wake. Basi asiwepo mtu wa kuguswa begani na kuambiwa, nenda ukakaze kile kiungo, kabla hajafundishwa. Mwanachama atakayekataa kazi ya namna hiyo kwa sababu hajafundishwa, chama kisimame naye.

Haya si maombi ya kuizuia nchi isiende mbele. Gari likienda kilometa 480 kwa saa na fundi wake akabaki katika ujinga na hatari, watakaofika mbele ni wachache. Wanaobishana katika treni ya asubuhi juu ya Toyota na Ford wana akili nzuri na hamu ya chuma. Hamu hiyo ni mali ya chama, tuipeleke darasani. Katibu wa kila tawi namwomba aliweke jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao, na majibu yaandikwe katika karatasi hizi ili wote tuyasome.

Ni mimi ndugu yenu,

Mfanyakazi wa Reli,
Kawangware, Nairobi.